Viazi Vyenye Matundu

Kwetu Rugerero, watu wazima wenye akili zao waliamini kwamba kiazi kitamu kikiwa kichungu ni kwa sababu mdudu amekikojolea. Nami niliamini. Nilifundishwa na mama, naye alifundishwa na mama yake ng'ambo ya mpaka, Goma: ukikuta tundu, kata pale lilipo, ongeza upana wa kidole, kinachobaki pika. Ulichokata mpe mnyama, kwa sababu mnyama hachagui. Bado nasikia wanawake wakifundishana hivyo sokoni wakimenya, na kila nikisikia damu inanipanda.

Tulikuwa wanne. Mimi ndiye wa kwanza, na wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na saba. Aliyenifuata alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, kisha msichana wa tisa, kisha kitinda mimba wetu wa kiume, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Baba na mama waliondoka ndani ya mwaka mmoja, wote kwa ugonjwa. Nilikuwa nasoma Nyundo, mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha. Siku niliyorudisha vitabu mwalimu aliniambia niombe Mungu. Nilimwambia nitaomba na jembe mkononi.

Tulichoachiwa ni nyumba na shamba moja la mteremko, linaloishia kwenye kijito. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni hilo shamba libaki letu. Ukoo mzima ulijua kwamba siku litakapoondoka, watoto watagawanywa kama sufuria za marehemu: huyu kwa shangazi, yule kwa mjomba Goma, yule akachunge mbuzi wa watu. Shamba ndilo lililotuweka chini ya bati moja.

Upande wa juu tulipakana na baba mdogo, aliyemfuata baba yangu kuzaliwa. Alirudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, na ng'ombe na sauti kubwa. Mwaka wa kwanza wa uyatima wetu alituletea ng'ombe mmoja wa kuragizwa. Watu wa kwetu wanafanya hivyo: ninakupa ng'ombe wangu umtunze, maziwa na mbolea vyako, ng'ombe na ndama ni wangu. Siku anamleta hakupita njia ya mkato kati ya mashamba yetu, ambayo ni hatua mia moja. Alizunguka barabara kubwa na fimbo begani, akisimama kwa kila mtu.

"Napelekea watoto wa kaka maziwa," alisema. "Mi sitaacha damu yangu ilale njaa."

Sikatai kwamba tulikunywa maziwa. Kitinda mimba alinenepa. Sitaki mtu aseme nimesahau hilo.

Kisha ikaja ile miezi ya vita ambayo vilima vyetu havikulalika. Tulihamia karibu na barabara, watu wengi chini ya mahema, na shambani tulikwenda mara chache, tena mchana, tena kwa kundi. Ng'ombe tulikuwa naye kule kule barabarani. Viazi vilibaki ardhini. Kiangazi kilipopiga udongo ulipasuka, na kupitia kila ufa fukusi aliteremka mpaka kwenye kiazi. Fukusi wa viazi ni mdudu mdogo, mwembamba kama sisimizi, mweusi nyuma na mwekundu kifuani. Anataga ndani, funza wake wanachimba njia, na kiazi kinatoboka kama ubao wa zamani.

Tuliporudi nyumbani nilichimba siku nne na mdogo wangu anayenifuata. Kati ya kila viazi kumi, saba au nane vilikuwa na matundu. Vingine ukivikata vinatoa harufu kali, kama dawa ya kikohozi. Nilikaa juu ya tuta nikashika kichwa. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye mpaka, akitazama. Naye vyake vilikuwa vimeharibika, lakini alikuwa na vitu vingine vya kula.

"Usilie, we binti," alisema. "Kitu ya kutupa haiko. Kwenye kuko muzuri mule. Ile ingine mupatie ngombe. Ataongeza maziwa."

"Hata ile yenye kunuka?"

"Ngombe iko na tumbo ine! Wewe uko na ngapi?"

Mdogo wangu alicheka. Nami nilicheka. Nakumbuka kicheko hicho kuliko ninavyokumbuka mazishi.

Tulikata kama mama alivyotufundisha. Vipande vibaya tulivirundika nyuma ya jiko, rundo linalonifika magotini. Mvua ikaanza. Juu ya rundo pakaota ukungu mweupe, halafu wa kijani. Kila jioni nilichota karai moja nikampa ng'ombe, naye alikula. Siku ya tano majani yalikuwa yameloa sana, nikaona uvivu kwenda kuyakata, nikampa makarai matatu.

Asubuhi yake nilimkuta amesimama amenyoosha shingo mbele, mdomo wazi, ulimi nje, povu likidondoka. Alikuwa akivuta hewa kwa nguvu ya mbavu zote, na kila pumzi ilitoka na mlio kama wa mtu anayesukuma gogo. Hakuwa amevimba tumbo. Tumbo la kuvimba nalijua, na dawa yake naijua. Hili sikulijua. Alikataa maji. Usiku hakulala chini hata mara moja, na kesho yake saa tatu akaanguka kwa ubavu akafa.

Ng'ombe wa kuragizwa akifa, huruhusiwi kumgusa. Unakwenda kwanza kwa mwenyewe kumpasha habari, kama unavyopasha msiba. Nilifunga kitenge vizuri, nikapanda hatua mia moja, nikasimama uani kwa baba mdogo.

"Baba mudogo, nimekuja kukuambia, ngombe amekufa."

Hakuuliza amekufaje. Alishuka, akamzunguka mnyama, akamtazama mdomoni lile povu. Majirani walikuwa wameshaanza kujaa. Akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kijitoni:

"Huyu amelishwa sumu."

Kwa asiyetoka kwetu, lazima nieleze neno hilo lina uzito gani. Kwetu mtu akisema mwizi, unaweza kulipa. Akisema mlevi, unaweza kuacha. Akisema una sumu, umekwisha, wewe na kizazi chako. Hakuna atakayekunywa maji nyumbani kwako. Dada yako hataolewa. Ndiyo maana kwetu mwenye nyumba akikuletea pombe huonja yeye kwanza mbele yako, hata kama wewe ni ndugu yake wa tumbo moja.

Na hakuishia hapo. "Mama yao alitoka upande ule," alisema, akinyoosha fimbo kuelekea Goma. "Kule wanajua mambo ya sumu. Mutoto anafundishwa na mama yake. Bon, ngombe yangu mutailipa na shamba. Nitaichunga mpaka vijana wakomae."

Mama yangu alikuwa na miaka miwili kaburini.

Nilitaka kumrukia. Mdogo wangu alinishika mkono. Kilichonitia hasira zaidi ni ule umati: watu ishirini, wote wamekula kwetu siku ya matanga, na hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wakirudi nyuma polepole, hatua moja, hatua mbili, kama vile povu la ng'ombe lingewarukia.

Nilimtuma mdogo wangu akimbie Nyundo kumwita muganga wa mifugo. Alikuja saa nane na baiskeli, mtu mwembamba mwenye mabuti ya mpira, akampasua ng'ombe kwa kisu palepale. Tumbo lilikuwa zima. Maini yalikuwa na madoa. Lakini mapafu! Pafu la ng'ombe ukilitoa linanywea. Haya yalibaki yamejaa, mazito, kama mkate uliodondoka ndani ya maji. Akauliza alikula nini. Nikampeleka nyuma ya jiko.

Alichutama mbele ya rundo. Akachukua kipande, akakivunja, akakinusa, akatikisa kichwa.

"Hii njo imemuua," alisema.

"Mukojo ya mududu?"

"Mukojo gani, dada? Mududu hana kitu. Ni kiazi yenyewe."

Akanieleza pale, mikono yake ikiwa bado na damu. Kiazi kikiwa kizima hakina shida. Lakini fukusi akikitoboa, au jembe likikijeruhi, kiazi kinahisi kidonda na kinaanza kutengeneza dawa yake chungu kuzunguka kile kidonda, ili funza ashindwe kula na uozo usipite. Hakikuwa nayo jana; kinaitengeneza leo kwa sababu kimeumwa. Dawa hiyo inasambaa kwenye nyama nyeupe ambayo mdudu hajafika. Haitoki kwa kupikwa. Inadhuru maini. Na ukungu ukiota juu ya kiazi kama hicho, ile dawa inageuzwa kuwa mbaya zaidi, inayokwenda moja kwa moja kwenye mapafu ya mnyama. Hakuna sindano ya kuitibu.

"Tangu lini unajua?" niliuliza.

"Tangu shule. Walitufundisha."

"Na wakati watu wote hapa wanarudi, wanachimba viazi vya kutoboka, ukapita na baiskeli yako?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Hakuna mwenye aliniuliza."

Nilikuwa nimemwita kwa heshima, alikuwa mtu mzima, na ndiye pekee aliyekuwa upande wangu siku ile. Hata hivyo nilimwambia usoni kwamba jibu hilo ni la mtu mvivu. Mtu anajua kitu kinachoua, anakiweka kichwani kama sabuni ya wageni, anangoja kuulizwa! Ningemuulizaje kitu ambacho sikujua kwamba kipo? Aliosha mikono, akasema nyama isiliwe, izikwe. Hilo nalo liliongeza maneno. Watu waliona nyama ikifukiwa, wakasema: mnaona, ni sumu kweli.

Miaka baadaye padri mmoja, nilipomsimulia, alitabasamu akasema mimi nilikuwa kama kile kiazi, nilijeruhiwa nikatoa uchungu wa kujilinda. Nilimwambia padri, kiazi hakina wadogo wa kulisha. Kiazi kinafanya kazi yake na hakimsingizii mtu.

Baba mdogo aliitisha kikao Jumapili, kwenye nyasi juu ya kijito, baada ya watu kutoka kanisani. Wazee sita, na majirani wote. Muganga alisema atakuja. Wiki hiyo, siku nne, hakuna mtu aliyeingia uani kwetu. Mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza na kitinda mimba aliitwa na mama yake kwa ukali, naye kitinda mimba akaniuliza kwa nini. Nilimwambia ana mafua.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa ya pili, nilichagua viazi kumi. Sikuchagua vilivyooza. Nilichagua vile ambavyo kila mtu pale angevipika: tundu moja au mawili upande mmoja, upande wa pili safi, mweupe, mzuri. Nikavichemsha na maganda yake, nikavibeba kwenye beseni, nimevifunika kwa jani la mgomba.

Baba mdogo alisema maneno yake. Yalikuwa yaleyale, ila sasa alikuwa ameyapanga. Alipomaliza mzee mkubwa aliniambia niseme. Nikafunua beseni.

"Nimewaletea chakula," nilisema.

Mtu akacheka nyuma. "Yewe! Analeta chakula, huyu? Kwani tumechoka kuishi?"

"Wewe umechoka tangu zamani," mwanamke mmoja alimjibu, "kanisani ulikuwa unakoroma." Watu walicheka kidogo, na kile kicheko kilinisaidia kusimama.

Nilikata kiazi cha kwanza katikati. Nikawaonyesha tundu, na njia ya funza inapoishia. Nikapima upana wa kidole kutoka tundu, kama sote tulivyofundishwa, nikakata sehemu mbaya nikaitupa. Nikauliza, "Hiki kilichobaki ni kizuri au ni kibaya?"

"Ni kizuri," wazee walisema.

"Mimi naonja kwanza. Desturi ni desturi."

Nikauma. Uchungu ulinishika nyuma ya ulimi, ukateremka kooni kama moshi. Sikukunja uso. Nikameza, nikapanua mdomo waone. Kisha nikampelekea mzee mkubwa kipande kutoka kiazi kilekile. Alikitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki, namshukuru hadi leo. Akakitia mdomoni, akatafuna mara mbili, akatema kwenye nyasi.

"Yampaye inka!" aliapa kwa jina la aliyempa ng'ombe. "Kichungu!"

"Mududu alifika hapo, muzee?"

Akageuza kipande, akalitafuta tundu, hakuliona. "Hapana. Hakufika."

"Basi amekojoaje?"

Sasa wote walitaka kuonja. Beseni lilizunguka. Wanaume walitafuna, wakatema, wakabishana, wakaumauma upande wa mbali na tundu wakakuta pale ni patamu, wakarudi karibu na tundu wakakuta pachungu. Muganga alisimama akaeleza tena yale aliyonieleza, na safari hii hakungoja kuulizwa. Nilimwona akinitupia jicho.

Baba mdogo hakuwa ameonja. Nilimpelekea kipande kwa mikono miwili, nikapiga goti kama mtoto anavyopaswa.

"Baba mudogo, ulituambia kitu ya kutupa haiko."

"Mi sikusema hivyo."

"Ulisema ngombe iko na tumbo ine," mdogo wangu alisema. Sauti yake ilikuwa inavunjika wakati ule, ilianza nzito ikaishia juu, na watu wakacheka tena.

"Mutoto anadanganya mbele ya wazee!"

Hapo ndipo jirani wa upande wa kijito aliposimama. Ni mjane, ndiye aliyemsaidia mama kunizaa. Alikuwa amejifunika kitenge hadi mdomoni. "Hadanganyi," alisema. "Hata mimi uliniambia ivyo ivyo. Nikapatia mbuzi zangu mbili. Zilikufa, mudomo wazi, povu, sawa ile ngombe. Wiki tatu sasa."

"Na kwa nini haukusema?" mzee mkubwa aliuliza.

"Niseme nini? Niseme vitu vinakufa kwangu na povu? Munipeleke wapi? Nilizifukia nyuma ya nyumba."

Mtu mwingine akakiri ndama. Mwingine nguruwe. Kila mmoja alikuwa amefukia mnyama wake na kunyamaza, akiogopa neno lilelile, na kesho yake jirani akaenda kumlisha mnyama wake kitu kilekile. Niliwasikiliza wakitaja mmoja baada ya mwingine, na nilipaswa kufurahi kwa sababu nilikuwa nashinda. Sikufurahi. Nilimgeukia yule mjane, mwanamke aliyenipokea mikononi nikiwa na damu ya kuzaliwa, nikamwambia, "Mama, wiki tatu? Ulinitazama siku ile baba mudogo anasema mama yangu ana sumu, na ulikuwa unajua?" Alishusha macho. Alisema, "Binti yangu, niliogopa." Yeye nilimsamehe baada ya muda mrefu, lakini si wote niliowasamehe.

Wazee walikwenda kando, wakarudi upesi. Walisema ng'ombe amekufa kwa ujinga wa kilima kizima, hakuna wa kulipa, shamba ni la watoto, na mtu akitaja tena sumu juu ya nyumba yetu atatoa pombe mtungi mzima kwa wote. Baba mdogo aliuma midomo. Hakuomba radhi kwa ajili ya mama. Hakuna aliyemwambia aombe.

Muganga, kabla ya kupanda baiskeli, aliniambia jambo moja zaidi. Kulilinda shamba mbele ya wazee hakutoshi, fukusi bado wamo. Ning'oe marando yote, yale mashina ya viazi yanayotambaa, nikusanye kila kiazi kilichobaki ardhini, nichome au nifukie mbali, nipande marando mapya ya ncha kutoka mahali pasipo mdudu, na nikiona ufa kwenye tuta niuzibe kwa udongo. "Na jirani yako afanye vile vile," alisema. "Asipofanya, watarudi kwako."

Jirani yangu alikuwa baba mdogo.

Tulifanya kazi juma zima, sote wanne, hata kitinda mimba akibeba viazi vibovu kimoja kimoja kwenye kikapu. Tulipomaliza kwetu nilitazama juu. Marando yake yalikuwa yanatambaa kuvuka mpaka, na chini yake udongo umejaa viazi vilivyoachwa. Nilimtuma mdogo wangu mara mbili kwenda kumwomba ang'oe. Mara zote mbili alirudi na jibu kwamba mtu mzima haongozwi na watoto.

Siku ya tatu asubuhi nilivuka mpaka na jembe, nikaanza kung'oa kwake, safu ya kwanza, ile iliyogusana na yetu. Alitoka mbio.

"We! Unafanya nini kwa shamba yangu?"

Sikusimamisha jembe. "Nachimba fukusi."

"Nani amekutuma?"

"Njaa ya wadogo zangu."

"Nitakuita kwa wazee!"

"Waite, baba mudogo. Nitapika beseni lingine."

Alisimama pale, fimbo mkononi, akipumua kwa nguvu. Nilifikiri atanipiga, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akinipiga sitakimbia na sitalia. Mkewe alitoka jikoni. Alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akashuka, akaanza safu ya pili. Tukafika mwisho wa safu pamoja, jua likiwa limepanda, na nyuma yetu baba mdogo alikuwa bado anaongea.